Kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo: wanaokula pesa za wakimbizi waache

BUKAVU – Kwenye milango ya maduka ya Kadutu, kwenye nguzo za umeme na ndani ya makundi ya WhatsApp, tangazo ni lile lile: kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini, China au Dubai, nyumba ya bure, ndege inalipwa. Kinachoombwa ni kuongea Kiingereza kidogo na dola 300 za kufungua dosie. Radio zingine za hapa zimelisoma tangazo hilo asubuhi, mchana na jioni.

Ni uongo, na wanaolitoa wanajua kama ni uongo.

Korea Kusini ndiyo inatajwa zaidi. Viza ya mgeni anayekwenda kufundisha Kiingereza kule inaitwa E-2, na kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kongo haimo. Uganda na Kenya hazimo, ijapokuwa watoto wa kule wanasoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Na hao raia wa nchi 7 nao wanadaiwa shahada ya chuo kikuu, cheti cha polisi cha kwao, na kupimwa afya wakifika. Mwenye paspori ya Kongo anaweza kukijua Kiingereza kushinda mtu wa London, dosie yake haitapita. Anayeita hiyo ubaguzi hakosei sana. Lakini komisioneri wa Kadutu hawezi kuibadilisha sheria ya Korea kwa dola 300 za mjane.

China nayo inataka shahada, na kwa kawaida mwalimu atoke nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Shule za Dubai hutaka shahada yenye mihuri ya wizara na ya ubalozi.

Mama mmoja aliyekimbia vita Minova, ambaye sasa analala na watoto 5 kwa shemeji yake huko Panzi, aliuza mashini yake ya kushona. Ndiyo iliyokuwa inawalisha. Kijana wake mkubwa ana diploma ya serikali na cheti cha miezi 6 kutoka kituo cha Kiingereza cha kartieri. Walipewa karatasi isiyo na muhuri, wakaambiwa viza inachelewa Kinshasa. Leo simu ya komisioneri haipatikani tena.

Kuna wanaosema: mbona wengine wamefika? Ndiyo, wapo waliofika kwa viza ya utalii au ya masomo, wakafundisha kwa kujificha. Mtu wa namna hiyo akinyimwa mshahara hana pa kushitaki, maana akienda polisi ni yeye atakayerudishwa.

Wengine wanauziwa cheti. Hapo ukweli usemwe vizuri, maana vyeti vya kweli vipo. Kile cha CELTA, kinachotolewa na Cambridge, kina saa kama 120 za masomo, na mwanafunzi lazima afundishe darasa la watu wa kweli saa 6 huku akiangaliwa. Vyeti vya TEFL vya intaneti vinanunuliwa kwa pesa kidogo, na kuna waajiri wasiovihesabu kabisa. Lakini hata kilicho bora kinaonyesha tu kwamba mtu anajua kufundisha. Hakimpi mtu viza.

Wakubwa watasema vijana ni wajinga. Wajinga wapi? Mtu amemaliza Kiingereza pale ISP, anafundisha miaka na miaka kama N.U., bila mshahara wa serikali, akingojea pesa za wazazi ambao nao wamekimbia vita. Mtu huyo akiambiwa Korea, atasikiliza. Serikali inayomwacha hivyo imemtayarishia komisioneri soko lake.

Njia iliyo karibu haina nyumba ya bure, lakini ipo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa soko la pamoja unazungumzia kutambuliana vyeti. Kwa Uganda, vyeti vya sekondari vinalinganishwa na UNEB, vya chuo kikuu na NCHE. Kisha mwalimu anapaswa kuandikishwa kwenye wizara ya elimu. Kazi hiyo ni ya ofisi, si ya komisioneri. Tena Uganda iliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe shuleni, na Kifaransa kinafundishwa huko pia. Ajabu ni kwamba kijana wa Bukavu anafukuza Kiingereza hadi Seoul, wakati lugha mbili alizo nazo mdomoni zinatafutiwa walimu jirani.

Na zile radio zilizopokea pesa za tangazo? Zilisoma namba ya simu ya komisioneri mara tatu kwa siku. Basi zisome na majina ya nchi 7 za viza ya Korea, mara tatu kwa siku vilevile, bila kumlipisha mtu.