Kioo cha gari kina aina yake, iandike kwenye posti

Wauzaji wenzangu wa spea mtandaoni, leo naongea na nyie mnaoposti "kioo cha Vitz, bei poa, njoo inboksi" halafu basi. Kwangu mimi hiyo posti haijakamilika, na kwenye vioo uzembe huo unaweza kumkata mtu uso.

Vioo vya gari vipo zaidi vya aina mbili. Cha mbele ni lamineti, yaani vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati. Jiwe likigonga kinapasuka ila kinabaki kimeshikana. Vya milangoni na nyuma mara nyingi ni tempa. Hicho kimechomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa hewa kipoe haraka. Kinakuwa imara kama mara nne ya kioo cha kawaida, na kikivunjika kinatoka punjepunje, siyo mapande makali kama visu.

Sasa kuna watu wanakata kioo cha dirisha la nyumba kwa kipimo cha mlango, wanauza kama kioo cha gari. Ukiwauliza wanasema "vyote kioo tu, mteja hajui." Hapo sikubali kabisa. Mteja hajui, lakini wewe unajua. Mtoto anayekaa siti ya nyuma siku gari likigongwa, bei poa yako haimsaidii kitu.

Kuna njia rahisi ya kuwajua: tempa haikatiki. Ukijaribu kuikata au kuitoboa ikishachomwa, inasambaratika yote. Kwa hiyo mtu akikwambia "lete kipimo nikukatie cha mlangoni", jua hiyo siyo tempa.

Mnaochukua mzigo wa used kutoka Japani, someni maandishi kwenye kona ya kioo. Vioo vya AGC vinaandikwa LAMISAFE kwa lamineti na TEMPERLITE kwa tempa. Vya soko la Marekani, AS1 kinaruhusiwa kukaa mbele, AS2 hakiruhusiwi. Usikisie kwa kuangalia kilikokaa tu, maana magari mengine ya siku hizi yana lamineti hadi milangoni.

Kwa hiyo posti ya kioo iwe na vitu vinne: gari na mwaka wake, kioo cha upande gani, lamineti au tempa, na picha ya karibu ya hayo maandishi. Kioo kisicho na maandishi usikiite cha gari.

Najua mtaniambia wateja wanaangalia bei tu. Wengine ndiyo. Lakini kioo kikirudishwa na boda mara nyingi hakifiki kizima, na hasara ni yako. Mteja aliyeona nembo kabla ya kulipa hana cha kubishana.

Wewe unayeuza vioo, posti zako zina picha ya nembo? Tuambie kwenye komenti.