Mwenye suti naye apande baiskeli

Kutoka Magomeni hadi Posta ni safari isiyozidi kilomita sita. Kwa mwendo wa kawaida wa baiskeli, kilomita 15 kwa saa, mfanyakazi anafika ndani ya dakika 25. Mwenye gari hawezi kutaja dakika zake kwa uhakika huo. Foleni ndiyo inayompangia.

Hata hivyo, Dar es Salaam bado inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha muuza mkaa na muuza maziwa. Wahasibu, wanasheria na maofisa wa benki wanaikwepa kwa sababu mbili: jasho na usalama. Zote mbili ni za kweli, na zote zina dawa.

Joto la Januari na Februari hupita nyuzi 30 mchana. Lakini ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, na anayetoka nyumbani saa 12:30 hulitangulia jua kali. Begi likifungwa kwenye karia, mgongo haulowi na shati la kazi halikunjamani. Jasho kubwa ni la alasiri, na wakati huo mfanyakazi anarudi kwake kuoga. Asubuhi anachohitaji ni bafu moja, kabati la nguo na chuma cha kufungia baiskeli mahali mlinzi anapoona. Nafasi ya gari moja kwenye maegesho hutosha baiskeli zisizopungua nane. Huo si mzigo wa kumshinda mwajiri.

Usalama ni suala la jiji. Njia za baiskeli zilijengwa kandokando ya barabara za mabasi ya mwendokasi za awamu ya kwanza, mradi ulioanza kazi Mei 2016 na kuliwezesha jiji kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018. Leo bodaboda wanapita humo, magari yanaegeshwa, meza za biashara zinapangwa. Mwendesha baiskeli anasukumwa barabarani, kati ya daladala.

Nairobi iliandika sera mwaka 2015 kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Dar es Salaam nayo inahitaji fungu linalojulikana, na askari wa kuzilinda njia zilizopo.

Hakuna anayemtaka mkazi wa Kibaha apige pedali hadi Kivukoni, wala mtu yeyote avuke bonde la Jangwani wakati wa mafuriko ya masika. Wa mbali angeweza kuendesha hadi kituo cha mwendokasi na kuiacha baiskeli pale, kama kungekuwa na maegesho yenye ulinzi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa wiki, angalau. Dakika 20 kwenda na 20 kurudi, siku tano, ni 200, bila ada ya gym.

Waajiri wa katikati ya jiji waanze na bafu na chuma cha kufungia. Manispaa iondoe magari kwenye njia za baiskeli. Hayo mawili yanaweza kufanyika kabla mwaka huu wa fedha haujaisha.