Mnada Usiuze Kumbukumbu Zetu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuwaelekezea wenye maduka na washika fedha wa vyama vya ushirika. Leo tunawaelekezea wenye dhamana ya stoo za Serikali, kwani limetokea jambo ambalo si halali kulinyamazia.

Mwandishi wa makala haya alihudhuria mnada wa vitu chakavu vya ofisi moja ya umma. Baina ya viti vilivyovunjika na makabati yenye kutu ilikuwamo picha ya rangi za maji, iliyotajwa katika orodha kwa maneno manne tu: "picha moja, fremu mbovu". Inaonesha ndege ya kale ya mabawa ya ghorofa mbili ikipita juu ya mikoko, na chini yake, katika mkono wa mto, manowari. Niliipata kwa bei isiyozidi ya kilo chache za mchele.

Wa kwanza niliowauliza walisema ni ndege ya posta, zile zilizokuwa zikitua Dar es Salaam na Lindi katika miaka ya 1930. Lakini hizo zilikuwa ndege za kutua majini. Hii ina magurudumu, na rafadha yake iko nyuma ya rubani. Tena manowari ile ina bomba tatu. Nilipoigeuza picha, nikakuta mstari mmoja wa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambao walioiuza walidhani ni dua. Herufi hizo nilifunzwa chuoni kabla sijatia mguu skuli. Nikasoma: "Manowari ya bomba tatu, Rufiji."

Hilo ndilo jina ambalo wenyeji wa Dar es Salaam waliipa meli ya Kijerumani Königsberg ilipofika bandarini mwao mwaka 1914. Ndiyo meli iliyokuja Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Makaburi ya mabaharia wake yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambako maji ni machache kwa meli kubwa na mikoko huzuia jicho la aliye baharini.

Ikabidi Waingereza waitafute kwa ndege. Ya kwanza iliruka Novemba 1914 kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo. Nyingine zilizofuata zilishindwa na joto la pwani yetu. Baada ya Mafia kutekwa Januari 1915, kiwanja kilifunguliwa huko kwa ndege za magurudumu. Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya aina ya Henry Farman, yenye rafadha nyuma, iliielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Rubani alikuwa Cull na mwangalizi Arnold. Ilipigwa ikaanguka mtoni, naye Arnold akiendelea kutuma habari ndege ikishuka. Wote wawili waliokoka. Wajerumani waliiangamiza wenyewe meli yao, lakini wakaopoa mizinga yake 10 wakaendelea nayo vitani nchi kavu. Mmoja wapo uko Ngome ya Yesu, Mombasa.

Hiyo ndiyo habari iliyouzwa kwa thamani ya fremu mbovu. Na si yote iliyosalimika. Chini ya mstari ule palikuwa na karatasi ya zamani, na dalali alibandika namba ya mnada juu yake kwa gundi. Nilipoibandua, karatasi ilichanika, ikabaki nusu ya tarehe. Kama jina la mchoraji lilikuwapo, limekwenda na gundi.

Vita hivyo vimeandikwa sana na wageni, na majina ya marubani tunayapata vitabuni mwao. Mtu wa Mafia hayumo ndani ya picha hii. Yumo nyuma yake tu, katika penseli ya mtu wa pwani aliyeiita meli kwa jina walilolitoa watu wetu, si kwa jina la mfalme wala mji wa Ulaya. Mstari huo ndio sehemu yetu, nao ndio uliokuwa karibu kupotea.

Tunajua udhuru wa maofisa: stoo zimejaa, mchwa hawana subira, na sheria inawataka wauze vilivyochakaa. Udhuru huo tunaukubali. Lakini baina ya kuuza na kutazama kabla ya kuuza hapana gharama kubwa. Tunashauri kwamba orodha ya kila mnada ipelekwe kwanza kwa watunza nyaraka. Kwamba kila picha, ramani na daftari vitazamwe mbele na nyuma na mtu ajuaye kusoma herufi zote mbili. Na kwamba vijana wa idara hizo wafunzwe Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana nusu ya daftari letu imo humo.

Wananchi nao wana wajibu wao. Aliyenunua kitu asichokijua asikifute vumbi kabla ya kuuliza. Picha hii mwandishi ataikabidhi kwa nyumba ya nyaraka bila ya kudai hata senti, ila kwa sharti moja: iandikwe daftarini, na mstari wa nyuma uandikwe pamoja nayo.