Mmasai wa Bango na Mmasai wa Ngorongoro

Makamanda, fanyeni jaribio dogo. Chukueni kipeperushi chochote cha safari za kitalii za kaskazini. Mtamkuta pale: Mmasai, shuka jekundu, mkuki mkononi, anaruka juu, nyuma yake mgunga na jua linazama. Mara nyingi hata uso hauonekani, ni kivuli cheusi tu juu ya rangi ya chungwa. Hana jina. Hana umri. Hana namba ya NIDA wala kadi ya mpiga kura.

Huyo ndiye Mmasai anayependwa na watawala. Hadai kitu.

Yule mwingine, mwenye jina, mwenye ng'ombe, mwenye mtoto kidato cha pili na mwenye madai ya ardhi, habari zake mnazijua. Mwaka 1959 wazee wake walitolewa Serengeti, wakaambiwa Ngorongoro mtaishi ninyi, mifugo na wanyamapori pamoja. Juni 2022 vikapigwa vigingi Loliondo, kilomita za mraba 1,500 zikamegwa, risasi zikalia, watu wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu. Wengine wa Ngorongoro wakapakiwa kwenye magari hadi Msomera, Handeni, tukaambiwa wamehama kwa hiari. Agosti 2024 likaja tangazo la kufuta kata na vijiji vyao, mpaka wananchi walipoingia barabarani kwa maelfu na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha.

Swali langu si kwa serikali tu. Ni kwetu sisi wa mjini. Kwa nini wengi tulikaa kimya? Mbona mtu wa Kimara akibomolewa nyumba tunapiga kelele, lakini Mmasai akihamishwa tunaulizana kama kweli ng'ombe wamezidi?

Mimi ni dizaina, na nasema sehemu ya jibu iko kwenye kazi yetu. Tangu tuko watoto tumeonyeshwa Mmasai kwenye fremu moja na twiga, tembo na mti. Macho yamezoea. Kichwani amekuwa sehemu ya mandhari, na mandhari haiulizwi maoni, inapangwa na kusogezwa. Hakuna aliyelazimika kuandika kwenye bango kwamba watu hawa hawana haki. Picha ilishaifanya hiyo kazi kimyakimya, miaka na miaka.

Na ujanja huu haukuanzia kwetu. Ile fonti nene yenye kona kali, inayobandikwa kila penye neno Afrika, inaitwa Neuland. Aliichonga Mjerumani, Rudolf Koch, mwaka 1923. Haikutoka Afrika, tulivishwa tu. Jalada la kitabu kinachohusu Afrika nalo ni lilelile: mgunga na machweo, hata kama hadithi yenyewe inatokea ghorofani Lagos. Louis Vuitton nao, kwenye mavazi yao ya wanaume ya mwaka 2012, waliingiza mashuka ya Kimasai. Mtu anabaki rangi na mistari, na rangi na mistari haviendi mahakamani.

Najua kuna atakayesema: acha hizo, picha hizo zinaleta dola, na Wamasai wenyewe wanauza shanga na kupigwa picha. Ni kweli, na sina ugomvi na mama anayeuza shanga zake ili mtoto asome. Yeye anauza akiwa na jina lake, bei anapanga mwenyewe. Ugomvi wangu ni na anayechukua sura yake bila kumuuliza, akaiweka kwenye bango la kuuza nchi, halafu bango hilohilo linatumika kumwonyesha mgeni pori lisilo na wenyewe. Kama sura yake inaleta dola, inakuwaje yeye mwenyewe ndiye mzigo?

Sasa tugeuke nyumbani, maana tusidanganyane. Niliombwa kutengeneza posta ya kongamano letu kuhusu haki za wafugaji. Usiku umekwenda, templeti ipo. Nikatafuta mtandaoni, nikanyofoa kivuli cha jamaa anayeruka, nikabandika, nikalala. Asubuhi kijana wa Loliondo akaandika kwenye grupu: "Kaka, huyu ni nani? Sisi tunaongelea kura na ardhi, wewe umeweka mtu anacheza."

Sikuwa na jibu. Nilifuta, lakini posta ilishasambaa.

Na si Wamasai tu. Angalieni posta zetu. Mwanamke tunamweka akiwa kabeba ndoo au analia. Mwenye ulemavu tunamweka akinyoosha mkono. Mtu wa Kusini tunamweka chini ya mkorosho, kana kwamba Mtwara hakuna mwalimu wala nesi. Hatuwezi kuwalaumu watawala kwa kuwaona wananchi kama mapambo, wakati sisi tunawatumia kama viungo vya supu.

Kwa hiyo nawaomba madizaina wote wa upinzani, wa taifa hadi wa kata, tukubaliane mambo matatu. Kwanza, posta inayohusu watu fulani ionyeshwe kwao kabla haijatoka, na wakisema hapana, haitoki. Pili, picha ya mtu iwe na uso, na kama amekubali na ni salama kwake, iwe na jina. Tatu, mtu aonyeshwe akifanya lile tunalolipigania: anapiga kura, anasoma hukumu, anahutubia kijiji.

Ile posta ya kongamano niliirudia. Safari hii ina mama mmoja, amesimama nje ya ofisi ya kijiji, ameshika kadi yake ya kura. Haina machweo. Wengine waliniambia haivutii.

Yule kijana wa Loliondo aliiweka kwenye profaili yake.