Wakikwambia 'soko hakuna', uliza nani alihesabu

Umewahi kuingia duka la vipodozi pale Dubois Road, Nairobi, ukaulizia faundesheni ya rangi yako, muuzaji akakujibu, "Hiyo hatuna, lakini chukua hii, itakukalia tu"? Unafika nyumbani, unajitazama kwenye kioo: uso wa jivu, shingo yako ileile. Si kosa lako. Kuna mtu mahali alikosea hesabu.

Kampuni nyingi huamua cha kutengeneza kwa kuangalia mauzo yaliyopita. Mtego uko hapo. Kama rangi yako haikuletwa, hukuinunua. Kwa kuwa hukuinunua, rekodi zinaonyesha sufuri. Meneja akiona sufuri anasema soko hakuna. Kumbe pesa ulikuwa nazo, ulichokosa ni bidhaa.

Matangazo nayo hufuata mkondo huohuo. Anayelipia tangazo hulipeleka kwa wale ambao tayari wananunua. Wewe huonekani hata kwenye bango.

Ushahidi kwamba hesabu hizo hudanganya upo. Mwaka 2017, Rihanna alizindua Fenty Beauty na faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, na kampuni kubwa zikaanza kukimbizana kuongeza rangi zao. Wateja weusi hawakuzaliwa mwaka huo. Walikuwepo siku zote. Fenty yenyewe ilifika rasmi Kenya 2022. Lakini hapa nyumbani Suzie Wokabi alikuwa ameliona pengo hilo kitambo, akaanzisha SuzieBeauty kwa ajili ya ngozi ya Mwafrika. Mwaka 2016 kampuni ya Flame Tree ikainunua. Ghafla soko likawepo!

Hata kadogo ni hadithi hiyohiyo. Mtu wa mtaani anayelipwa kwa siku hana pesa za mtungi mkubwa wa mafuta, lakini sabuni na mafuta ya leo atanunua. Waliompimia kidogo kidogo ndio waliompata.

Ila tusidanganyane: kuna makundi ambayo kweli ni madogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini. Kwao, mafuta ya kukinga jua si urembo, ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Idadi hiyo haiwezi kumshawishi mwenye kiwanda anayetafuta faida. Hapo soko halitoshi, na ndiyo maana serikali huwagawia mafuta hayo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hiyo ni haki ya kupiganiwa, si hisani.

Wewe je? Kila ukibeba ile ya "itakukalia tu", mauzo yanaandika kwamba umeridhika. Kwa hivyo wakati mwingine iache pale kaunta. Mwambie muuzaji rangi unayotaka, kisha iulizie kwenye kurasa za kampuni yenyewe. Watakuhesabu vipi kama kila mara unakubali ya mtu mwingine?