Mume Amepotea na PIN Unaijua: Usiitumie

Mtu akifariki, wengi wetu tunajua pa kuanzia. Kibali cha mazishi, cheti cha kifo, barua ya chifu, halafu kesi ya mirathi kortini. Ni safari ndefu na inakula pesa, lakini angalau njia inajulikana. Sasa mtu akipotea je? Mvuvi ametoka usiku Ziwa Victoria na asubuhi boti inapatikana tupu. Dada alienda Saudia kufanya kazi, simu imezima na huu ni mwaka wa pili. Mafuriko yalipopiga Mai Mahiu mwezi wa Aprili 2024, kuna watu waliosombwa na jamaa zao wakabaki wakichimbua matope siku baada ya siku. Hakuna mwili, hakuna cheti, na pesa ziko kwenye laini ambayo PIN yake unaijua.

Na kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Msimamo wetu tuuseme mapema: usiitumie hiyo PIN. Tunajua vile hii inasikika kwa mama ambaye watoto wake wamefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Tunajua pia mtu atasema, "Kampuni inajilinda tu." Sawa, tunajilinda, hatukatai. Lakini anayeumia zaidi hapa ni wewe, na hebu tueleze kwa nini.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kumsikia kama angekuwa hai, korti itachukulia kwamba amefariki, isipokuwa mtu alete ushahidi wa kupinga. Neno zito hapo ni "kusikika". Kila ukitoa pesa kwa wakala kwa laini yake, rekodi inaonyesha kwamba yeye ndiye ametoa. Leo ametoa elfu mbili Kitengela, mwezi ujao amelipa stima, Disemba ametuma pesa kwa mama yake. Kwenye karatasi huyo ni mtu aliye hai na anaendelea na maisha yake. Miaka 7 ikifika, wakili wa upande mwingine ataweka taarifa hiyo mbele ya jaji, na itabidi ueleze moja baada ya nyingine kwamba ni wewe uliyekuwa unabonyeza.

Mbaya zaidi ni kwa upelelezi. Laini na pesa ya simu ni kati ya vitu vya kwanza polisi hutaka kuangalia, wakiwa na amri ya korti. Ukichanganya nyayo zako na zake, unaweza kuwapeleka wanaomtafuta mji ambao hajawahi kufika. Au unaweza kujipata wewe ndiye unayehojiwa: pesa zilitoka siku tatu baada ya yeye kupotea, nani alitoa? Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini yake pia ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018. Shemeji ambaye mnagombania shamba hatasahau kulitaja hilo.

Hapa kuna jambo ambalo hatulisemi kwa furaha. Ukija kwetu na namba ya OB na machozi, hatuwezi kukupa salio lake. Hata kukuambia salio ni ngapi hatuwezi, maana hiyo ni taarifa ya mtu binafsi na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda yeye hata kama hayupo. Karatasi inayotufungulia mkono inatoka kortini. Na Kenya, karatasi hiyo kwa mtu aliyepotea haipatikani kwa urahisi kabla ya miaka 7 kuisha. Kuna mlango mmoja mdogo: kama mazingira yanaonyesha kifo, kwa mfano boti iliyozama mbele ya mashahidi, hakimu anaweza kufanya uchunguzi kuhusu mtu aliyepotea na anayeaminika amekufa. Hiyo haimsaidii yule ambaye mumewe alitoka tu nyumbani akasema anaenda kununua maziwa.

Kwa hivyo tunaona sheria yetu ina shimo, na familia ndizo zinazotumbukia humo. Sheria ya Urithi inashughulikia mali ya marehemu. Aliye hai ana sahihi yake mwenyewe. Huyu wa katikati, ambaye hatujui kama ni marehemu au yu hai, amesahaulika. Wala haihitaji tuvumbue kitu kipya. Jirani zetu Uganda wana sheria maalum ya kusimamia mali ya watu waliopotea tangu 1973. England na Wales walipitisha yao 2017: mtu akikosekana siku 90, jamaa anaweza kuomba korti imteue awe msimamizi, alipe mkopo wa nyumba, alishe watoto, aweke hesabu ya kila senti, kwa kipindi kisichozidi miaka 4 kwa wakati mmoja. Hakuna anayetangaza kwamba mtu amekufa. Bili ndizo zinalipwa. Bunge letu likileta kitu kama hicho, sisi watoa huduma tutakuwa wa kwanza kupumua, kwa sababu mfanyakazi wetu wa kaunta atakuwa na jibu lingine zaidi ya "pole, mama".

Kabla hiyo sheria ije, kuna mambo ya kufanya na ya kwanza ni OB, hata kama familia inasema mngoje kidogo atarudi. Siku ya kuripoti ni ushahidi utakaouhitaji baadaye. Tuambie pia sisi, na uambie benki na Sacco, ili akaunti iwekewe alama mtu mwingine asiifyonze. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine, kwa hivyo uliza mapema. Pesa zenyewe hazipotei: zikikaa bila kuguswa hadi muda wa kisheria uishe, hupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayotunza fedha zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzidai wakiwa na karatasi za korti.

Kama wapangaji walikuwa wanatuma kodi kwa namba yake, pesa zinaendelea kuingia shimoni kila mwezi. Ongea na wakili juu ya hilo kwanza, hasa kama jina lako liko kwenye hati. Shamba nalo, nenda ofisi ya ardhi uweke zuio, maana mtu akipotea ndugu wengine huanza kugawa mahindi kabla hayajakomaa. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko upande wako hapo. Mikopo yake ya simu itaendelea kutuma meseji za vitisho. Kama hukuweka sahihi ya udhamini, si deni lako, usiilipe kwa hofu.

Na kwa wewe ambaye nyumbani kwako wote wako, tafadhali usichukulie kwamba kumpa bibi PIN ni mpango. Mtu uliyemwandika kwenye fomu ya Sacco atapokea hisa ukifariki, si ukipotea. Kinachosaidia ni uwakili wa maandishi, ulioandaliwa na wakili na kusajiliwa kama unagusa ardhi, unaompa mwenzako nguvu ya kutenda kwa niaba yako ukiwa hai. Anayesafiri kwenda Ghuba aufanye kabla ya tiketi. Akaunti ya pesa za chakula na karo iwe ya majina mawili, na chama kisiwe na mtu mmoja tu anayeweza kutoa pesa, hata kama ni mweka hazina ambaye mmemwamini tangu kanisa lilipokuwa la mabati.