Msiwadanganye mabinti kwamba kijiti hakiumi

Leo nawaandikia akina mama wenzangu wa hapa Sydenham, Overport na kwingineko Durban. Wauguzi nao wasome. Nimesomea uuguzi nyumbani Tanzania, kisha ugenini, na kote nimesikia maneno yaleyale binti akienda kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango: "Kaa hapo, hakiumi."

Jamani, kinauma kidogo! Sindano ya ganzi inachoma kama pilipili kwa sekunde kadhaa. Ganzi ikishashika, atahisi kusukumwasukumwa tu. Akiambiwa hivyo mapema, wengi huvumilia. Akidanganywa, ile sindano ya kwanza inamwonyesha kuwa wakubwa ni waongo, na siku akipata tatizo la kweli hatarudi kliniki.

Kijiti cha Implanon kilianza kutolewa bure kliniki za serikali hapa Afrika Kusini mwaka 2014. Ni kitu laini cha sentimita 4, kama njiti ya kibiriti, kinakaa chini ya ngozi ya mkono. Lakini binti haogopi njiti, anaogopa aliyoyasikia: kitatembea hadi moyoni, wavuta whoonga watamkata mkono wakichukue, hatazaa tena. Ukimwambia "acha kudeka" hujamjibu hata moja. Muulize amesikia nini. Mwambie ukweli kwamba kuhama mbali ni nadra sana, kwamba hakuna wa kukivuta kama bangi, kwamba ana haki ya kutolewa siku yoyote na uwezo wa kuzaa unarudi.

Ale kabla ya kwenda, maana njaa na hofu zikikutana mtu anazimia. Alale chali, aangalie upande mwingine. Na muuguzi mwenzangu, najua foleni ni ndefu, lakini subiri ganzi ishike! Gusa kwanza, uliza. Akisema bado anasikia maumivu, ongeza. Michubuko ya wiki moja au mbili ni kawaida. Usaha na homa si kawaida, arudi haraka.

Jambo moja akina mama hawalipendi. Sheria ya Watoto ya 2005 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 12 kupata uzazi wa mpango bila idhini ya mzazi, na siri yake inalindwa. Kwa hiyo mama, ukiombwa utoke nje, toka. Kizulu na Kiingereza anakijua kuliko wewe, hahitaji mkalimani. Mngoje kwenye benchi, na akitoka usianze kumhoji.